Boerboel wa wiki 12: nyama mbichi, posho (ugali) na mukene (dagaa), au chakula cha mfuko?

GetiLaKira

Wakuu, habari za jioni. Nimekuja na habari ya mbwa, wasiofuga wanivumilie.

Nimechukua mtoto wa Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi, kwa mfugaji mmoja upande wa Mukono. Dume, jina lake Kifaru, ana wiki 12, na mzani wa duka la nafaka unasema kilo 12. Mama yake nilimwona mwenyewe, mnyororo wa kawaida haumshiki. Wezi wa huku Kira, pembeni ya Kampala, wametuchosha, ndiyo maana.

Sasa yule mfugaji alinipa masharti. Huyu usimlishe posho, posho ni ya mbwa wa kijijini. Nyama mbichi na mifupa tu, asilimia 10 ya uzito wake kila siku. Piga hesabu: ni zaidi ya kilo moja ya nyama kwa siku, na bado anakua! Jirani yangu anacheka. Mke wangu hacheki. Tuna mtoto anayeanza kutembea, kila anachokiona sakafuni anakitia mdomoni, na mama yake hataki kusikia habari ya damu ya nyama jikoni. Shemeji naye anasema nyama mbichi humfanya mbwa awe mkali, siku moja atatugeukia sisi.

Nimesoma mtandaoni mpaka kichwa kinauma. Huyu anasema mbichi ndiyo asili ya mbwa, yule anasema ni sumu. Nyinyi mliofuga mbwa wakubwa hapa kwetu, kwa umeme wetu huu na bucha zetu hizi, mnafanyaje?

Kasese_Mlimani

Nakaa hapa nisome. Nina German Shepherd anakula kunizidi mimi na bado mbavu zinaonekana.

AfandeMstaafu

Kijana wa Kira, tulia. Nimeshika mbwa wa kazi miaka mingi, wa kunusa na wa kukamata. Chakula kilikuwa pipa moja: posho, nyama ya kichwa, byenda (matumbo), mboga zikipatikana, vyote vimechemshwa mpaka vimelainika. Mbwa walifanya kazi usiku kucha na hakuna aliyeuliza kama ni asili yao.

Habari ya ukali mwambie shemeji aiache. Mbwa hawi mkali kwa damu. Anakuwa mkali kwa kufungwa mchana kutwa, kupigwa, na kutozoeshwa watu akiwa mdogo. Huyo Kifaru aone wageni, boda, watoto na mbuzi sasa hivi akiwa na wiki 12, usingoje afike kilo 60 ndipo uanze kumfundisha.

Na huyo mfugaji wako anayeidharau posho, muulize yeye amekula nini leo mchana.

MamaTiger_Entebbe

Afande, kwa heshima yote, mbwa wa pipa walikuwa wanafanya kazi, hatukatai, lakini ngozi zao tulikuwa tunaziona.

Mimi nina Rottweiler, kizazi cha pili sasa, na wote wamekula mbichi tangu walipoachishwa ziwa. Hakuna tege, hakuna mba, meno meupe, kinyesi kidogo kigumu kisichonuka. Kanuni yangu ni hii: sehemu 80 nyama yenye misuli, 10 mfupa wa kutafunika, 10 viungo vya ndani, na nusu ya hivyo viungo iwe maini. Nyama ni ya kichwa, moyo na matumbo ambayo hayajaoshwa yakawa meupe. Mfupa ni shingo za kuku, sijawahi kutoa mfupa wa mguu wa ng'ombe kwa sababu huvunja meno. Na mfupa uliopikwa hauingii kwangu, hupasuka vipande vyenye ncha.

Nanunua machinjioni Old Port Bell Road alfajiri, nagawa kwenye vikopo, naweka friza. Nikipiga hesabu, si ghali kuliko chakula cha mfuko, ambacho bei yake inashindana na ada ya shule.

Kwa hiyo, kaka wa Kira, mfugaji wako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya maneno. "Nyama na mifupa" siyo mpango wa chakula.

GetiLaKira

Asante mama. Hiyo mizani ya 80, 10 na 10 unaipimaje? Shingo ya kuku nayo ina nyama na mfupa pamoja.

MamaTiger_Entebbe

Mwanzoni nilipima. Siku hizi jicho na mkono. Kinyesi ndicho kinanieleza: kikiwa cheupe na kinavunjika kama chaki, mfupa umezidi. Kikilegea, napunguza maini.

DukaLaDawa_Masaka

Mnazunguka mbuyu. Mbwa mkubwa, mifupa mikubwa. Kila Boerboel lazima apate vidonge vya kalsiamu mpaka afike mwaka mmoja, na maziwa asubuhi. Hapo mpe chakula chochote unachotaka, mbichi, posho, mfuko. Nauza kila wiki, sijasikia malalamiko.

DaktariMbale

Nilikuwa nasoma kimya, lakini hilo la Masaka siwezi kuliacha lipite. Usimpe.

Mimi ni daktari wa mifugo. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe, ila mbwa nao huletwa, na wanaoletwa wakiwa na miguu ya matege huwa ni wa aina kubwa, tena wa watu wenye uwezo. Mbwa wa mtu wa kawaida anayekula posho na mukene haji kwangu na ugonjwa huo. Nitaeleza.

Mbichi au ya kupikwa, hilo ni swali la pili. La kwanza ni kalsiamu. Nyama ya steki haina kalsiamu, hata uichome, uichemshe au uiache mbichi. Kilo nzima haifikishi robo gramu, na fosforasi iliyomo ni mara 15 hadi 20 ya hiyo. Maini yamezidi hapo. Sasa Kifaru mwenye kilo 12, akila kalori kama 1,300 kwa siku, anahitaji kalsiamu ya gramu 4 hivi. Ukimlisha nyama tupu, mwili hautakubali damu ikaukiwe na kalsiamu kwa sababu moyo na misuli vinaitegemea. Kuna tezi ndogo shingoni ambazo zitaamuru itolewe mifupani. Mbwa ataendelea kunenepa na kung'aa, utampiga picha, huku mifupa inazidi kuwa laini. Kisha miguu ya mbele inapinda, vidole vinatawanyika, anakataa kucheza, na siku akiruka kutoka barazani mfupa unavunjika. Watu husema ameteguka. Hajateguka.

Hiyo ni njia moja ya kumharibu. Ya pili ni hiyo ya vidonge. Mbwa mzima akila kalsiamu nyingi, utumbo wake hupunguza kuipokea na iliyozidi hutoka. Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita hivi hana uwezo huo, sehemu kubwa ya unayompa inaingia mwilini. Huko Uholanzi, Chuo Kikuu cha Utrecht, Hazewinkel na wenzake waliwalisha watoto wa Great Dane, nao ni mbwa wakubwa, miaka ya 1980 wakaliona hili waziwazi: waliopewa kalsiamu nyingi gegedu zao hazikugeuka mfupa inavyotakiwa, viungo vikaharibika, hata pale fosforasi ilipoongezwa sambamba nayo. Kwa hiyo kidonge juu ya chakula cha mfuko ambacho tayari kina kalsiamu yake ni madhara unayoyalipia mwenyewe. Na shingo za kuku tupu, au miguu ya kuku tupu, ni kosa lile lile, maana hapo mfupa ni zaidi ya theluthi ya uzito.

AAFCO, wale wanaopanga viwango vya chakula cha mifugo Marekani, wana kiwango cha pekee kwa watoto wa mbwa watakaofika kilo 32 na zaidi wakikomaa. Kalsiamu isipungue asilimia 1.2 ya chakula kikavu na isizidi 1.8. Kwa Kifaru wa leo hiyo ni kati ya gramu 4 na 6 kwa siku. Nafasi ndiyo hiyo tu. Mama Tiger, mbwa wako wametoka salama, nashukuru, na nadhani ni kwa sababu ulianza kwa kupima. Anayeanza na jicho bila kuwahi kupima simwamini.

Kasese_Mlimani

Daktari, tege ikishaingia inarudi?

DaktariMbale

Ile ya nyama tupu, ikishikwa mapema kabla mifupa haijavunjika, wengi hurudi vizuri kwa kubadilisha chakula tu na kumtuliza asiruke. Ya kalsiamu iliyozidi ni ngumu zaidi kwa sababu gegedu likishapasuka kwenye kiungo halijirudishi. Mpeleke apigwe picha ya mifupa. Makerere, kwenye chuo cha tiba ya mifugo, wana kliniki ya wanyama wadogo.

BuchaKalerwe

Wateja wangu wa mbwa mmenifurahisha leo. Niseme ya upande wa pili wa meza.

Mtu akija akasema "nipe ya mbwa", anapewa iliyolala. Si kwangu tu, ni kila mahali. Vipande vya jana, mafuta yaliyokatwa, pafu lililokaa juani na nzi wake. Mwenye kulisha mbichi asitamke neno mbwa kabisa. Aseme ni ya mchuzi, achague kwa macho yake, aje asubuhi.

La pili, pafu na ini. Kwenye machinjio makubwa mkaguzi anayakata na kuyatazama, yenye kasoro yanatolewa. Kwenye vibanda vya uchochoroni usiniulize. Pafu ni rahisi sana kwa bei, ndiyo maana wafugaji wa mbwa wanalipenda. Mimi nyumbani kwangu mbwa hali pafu bichi.

Kwanini? Nasubiri mtu wa Karamoja aseme, yeye anajua kuliko mimi.

Kijana_Moroto

Nimeitwa, nimekuja.

Kwetu mnyama akichinjwa, mbwa wako pembeni wanangoja. Mchinjaji akikuta kwenye ini au pafu vile vifuko vya maji, vingine vidogo, vingine ukubwa wa chungwa, anakikata kipande hicho anakirusha kwa mbwa. Ndiyo kazi ya mbwa, kumaliza kisicholiwa. Ndani ya kifuko hicho kuna vichwa vya tegu wadogo wasiohesabika. Tumboni mwa mbwa wanakuwa tegu wazima wa milimita 2 hadi 7. Huwaoni kwenye kinyesi. Mbwa hakondi, hakohoi, anaruka tu. Mayai yanatoka kwenye kinyesi, yanashika manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akalamba vidole ameyameza. Baada ya miaka mtu anaota uvimbe wa maji kwenye ini au pafu lake mwenyewe, na wengine hawaponi bila kisu cha daktari.

Ng'ambo ya mpaka kwa Waturkana wa Kenya tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba AMREF, shirika la afya, walianzisha kampeni yake huko mwaka 1983, kupasua watu, kuwapa mbwa dawa na kuwafundisha wachinjaji. Msidhani ni jambo la kwetu Karamoja peke yake. Ng'ombe na mbuzi wetu wanapakiwa kwenye malori kila wiki kwenda kusini. Ukinunua pafu Kampala hujui mnyama alilisha wapi.

Kaka wa Kira ana mtoto mdogo. Kwa hiyo ini na pafu vichemshwe. Mfupa sibishani, hilo nawaachia nyinyi.

DaktariMbale

Kijana wa Moroto amemaliza. Naongeza mawili. Kugandisha kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja mpaka siku 10 kunaua vifuko hivyo, ila friza iwe kweli inashika baridi hiyo muda wote. Umeme ukikatika usiku na barafu ikayeyuka, unaanza kuhesabu upya. Kugandisha hakuui salmonella wala bakteria wengine, kunawalaza tu. Na dawa ya minyoo iwe ile yenye prazikwanteli. Vidonge vingi vya bei rahisi madukani vinaua minyoo ya mviringo tu, tegu wanabaki wanakutazama. Mbwa anayekula viungo vibichi apewe kila wiki sita.

Halafu nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isimguse mbwa, mbichi wala iliyopikwa. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wa upande wa Kiruhura na Kween wanasoma hapa, na kimeta wanakijua. Ng'ombe aliyekufa ghafla hapasuliwi kabisa, anazikwa.

MamaTiger_Entebbe

Pafu sijawahi kulisha, na maini nayagandisha kabla. Jenereta ninayo. Lakini daktari, mbona mnasahau kwamba mbwa ni mbwa mwitu aliyekaa karibu na moto? Mbwa mwitu hachemshi.

DaktariMbale

Mama, mbwa mwitu pia ana minyoo tele na hafiki uzee wa mbwa wako. Na mbwa si mbwa mwitu tena tumboni. Mwaka 2013 watafiti waliolinganisha vinasaba vyao walikuta mbwa ana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwa mwitu. Amekaa na wakulima muda mrefu, amejifunza kula vyao. Posho iliyoiva vizuri anaisaga bila shida.

Nikubali ulichosema sawa: kinyesi kidogo ni kweli, nyama inasagika karibu yote. Manyoya kung'aa ni mafuta, na mafuta unaweza kuyatia hata kwenye chakula kilichopikwa.

MamaTiger_Entebbe

Tutakubaliana kutokubaliana. Njoo Entebbe uwaone.

BiMkubwa_Bombo

Mimi ni Mnubi wa Bombo, na kwetu mbwa haingii ndani. Yupo wa kulinda, ana banda lake nyuma ya nyumba, ana sufuria yake iliyotobolewa ukingoni ili isichanganywe na nyingine, na anayemlisha ni mjukuu wangu mmoja tu mwenye ndala zake za kazi hiyo. Mate ya mbwa yakigusa chombo tumefundishwa kukiosha mara saba, moja kwa udongo. Vijana wanatucheka.

Nimesoma huu uzi mpaka hapa nikaona mnachotafuta ndicho hicho. Banda lake, chombo chake, mtu wake, mikono ioshwe. Sasa huyu kijana wa Kira anataka kuweka bakuli la damu kwenye jiko ambalo mtoto anatambaa, halafu anauliza kama ni salama!

GetiLaKira

Bi Mkubwa umenipata. Mke wangu nimemsomea, ameomba namba yako.

BiMkubwa_Bombo

Namba sitoi. Mwambie ni mama mwenye akili.

DaktariMbale

Bi Mkubwa amesema kwa lugha yake kitu ambacho chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, AVMA, kilikiandika mwaka 2012 kiliposhauri watu wasilishe mbwa na paka protini mbichi ya wanyama. Hofu yao si mbwa tu. Mbwa anaweza kubeba salmonella bila kuumwa, akaitoa kwa kinyesi na mate, na anayelazwa hospitali akawa mtoto, mjamzito au bibi. Nyumba ya watu wazima watupu, mwenye friza nzuri na nidhamu ya Mama Tiger, sitagombana nao. Nyumba ya mtoto anayeokota vitu sakafuni, mimi nasema apikiwe.

Mukene_Ggaba

Natoka nje ya mada kidogo. Mimi nauza mukene mwaloni. Daktari alianza kusema mbwa wa posho na mukene hawapati tege, kisha akatuacha njiani. Mukene ina nini?

DaktariMbale

Hujatoka nje ya mada, ndiyo mada yenyewe, niliisahau.

Mukene huliwa nzima, na kichwa chake na miiba yake. Miiba ndiyo kalsiamu. Mukene iliyokaushwa ina gramu 2 hivi au zaidi ya kalsiamu katika kila gramu 100, na fosforasi imekuja nayo. Sasa linganisha na kilo ya steki isiyofika robo gramu. Yule mzee wa kijijini anayetia viganja vya mukene kwenye posho ya mbwa hajui habari ya uwiano, lakini amekaribia kuliko tajiri wa Kololo anayemlisha Boerboel minofu. Wakenya wanaiita omena, Watanzania dagaa, ni samaki yule yule wa ziwa letu.

Ila sijasema posho na mukene inatosha kukuza Boerboel. Mafuta na protini mara nyingi ni haba kwa sababu watu wanatia mukene kiganja kimoja kwenye sufuria nzima. Zinki ni ndogo, na vitamini kadhaa hazipo. Na kuna mukene na mukene.

Mukene_Ggaba

Hapo nijibu mimi. Ya kuanikwa mchangani ndiyo inayouzwa kwa chakula cha kuku, ina mchanga mpaka meno yanalia. Ya kuanikwa kwenye vichanja au nyavu ni safi, bei iko juu kidogo. Ya kutiwa chumvi msiwape mbwa. Hata hiyo safi, iloweke, ioshe maji mawili, uchemshe.

Kasese_Mlimani

Na posho yenyewe? Mimi nanunua ile ya chini, ya mbwa, inayobaki kwenye mashine.

AfandeMstaafu

Hiyo usinunue. Mahindi yaliyoota ukungu ndiyo yanasagwa yakaitwa ya mbwa. Mwaka 2021 mwezi wa tatu Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, wote mnakumbuka malori yalivyolala Busia na Malaba. Sumu hiyo inaua ini la mbwa, na kupika hakuiondoi. Mpe posho unayokula wewe.

DaktariMbale

Sawa kabisa, Afande.

GetiLaKira

Basi nielezeni mtu wa mshahara wa kawaida afanye nini. Mfuko wa kila mwezi mpaka afike miaka miwili siwezi. Mbichi mke amekataa na sasa hata mimi nimekataa. Mukene peke yake haitoshi.

DaktariMbale

Pesa uliyo nayo itumie mapema. Miezi hii mitatu, kutoka sasa mpaka avuke miezi sita, ndiyo mifupa haisamehi. Nunua chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa, na kwenye maandishi ya mfuko tafuta mahali panaposema kinafaa hata kwa ukuaji wa mbwa wakubwa. Kisipokuwa na maneno hayo, hata picha ya Great Dane isikudanganye. Usinunue cha kupimwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), hujui kimekaa wazi tangu lini na maandishi huyaoni. Juu yake unaweza kuongeza vya nyumbani, nyama ya kichwa iliyochemshwa, yai, mukene kidogo, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chote. Hapo mizani haiharibiki. Kalsiamu ya duka, unga wa mifupa, maganda ya ziwani wanayopewa kuku wa mayai: hakuna.

Akivuka miezi sita, punguza mfuko kidogo kidogo, uingize cha kupikwa nyumbani. Wakati huo njoo tukae tuandike mpango kwa gramu, na kalsiamu yake ipimwe. Siuandiki hapa kwa sababu mtu mwenye Chihuahua, kile kimbwa kidogo, atauchukua.

Na usimshibishe mpaka tumbo lining'inie. Mwaka 1974 watafiti wa Cornell waliwalisha Great Dane wadogo kwa makundi mawili, wengine wakila kadiri walivyotaka, wengine wakipimiwa. Waliokula bila kipimo ndio walioharibika mifupa zaidi. Kifaru atafika ukubwa wake ule ule, ila achukue muda. Ukipitisha mkono ubavuni uzisikie mbavu bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu aonekane kiuno. Mwache watu wakuambie humlishi. Kasese, na wewe soma hapo: mbavu kuonekana kidogo kwa German Shepherd mchanga si ugonjwa, mradi minyoo yake imetibiwa na anacheza.

Kasese_Mlimani

Dawa ya minyoo alipewa ile ya mviringo tu. Kesho natafuta hiyo nyingine.

DukaLaDawa_Masaka

Daktari umeniharibia biashara, lakini nimeelewa. Mbwa akianza kuhara baada ya kubadilishiwa chakula niwauzie nini?

DaktariMbale

Umuulize kwanza kama amechanjwa parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Mtoto wa mbwa asiye na chanjo anayehara damu na kutapika si chakula, ni parvo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na saa zinahesabika. Aliyechanjwa, anacheza, anahara kidogo tu, arudishwe chakula cha zamani na kipya kiingizwe kwa wiki nzima polepole.

GetiLaKira

Nimeelewa, nimekubali. Mfuko mpaka miezi sita, nyama ya kichwa kidogo ya kuchemsha, banda nyuma ya nyumba, sufuria yenye tundu kama ya Bi Mkubwa. Mfugaji wa Mukono nimemtumia huu uzi, amesoma, hajajibu.

BuchaKalerwe, nyama ya kichwa naipata kwako siku gani? Ni ya mchuzi.

BuchaKalerwe

😂 Ya mchuzi ipo Jumanne na Ijumaa, vichwa vinafika kabla ya saa moja asubuhi na saa tatu vimekwisha. Uje na ndoo yenye kifuniko, kaveera inapasuka kwenye boda. Ulimi unauzwa peke yake, usije ukabishana na kijana wangu.